Mgeni wa Milima ya Andes: Jinsi ya Kumchagulia Chinchila Vitu Visivyomdhuru



Ndugu zetu wengi siku hizi wakaa mbali, wengine Uingereza, wengine Marekani na Kanada, na watoto wao hukua pamoja na watoto wa huko. Katika nchi hizo ni desturi ya nyumba nyingi kufuga mnyama mdogo, si kwa nyama wala kwa ulinzi, bali kwa kupendwa tu. Basi mtoto huingia dukani pamoja na mama yake, akamwona mnyama wa rangi ya majivu, masikio yake mviringo, mkia wake kama wa kindi, na manyoya yake laini kupita pamba. Jina lake ni chinchila. Tangu saa ile mtoto hana neno lingine kinywani mwake.

Hapo wazee hujiuliza maswali mawili. La kwanza, tumnunue au tusimnunue? La pili, tukimnunua, tununue na nini pamoja naye? Wengi hulifikiri lile la kwanza siku nyingi, lakini la pili hulijibu kwa dakika kumi, wakisimama mbele ya rafu za duka zilizojaa vitu vya rangi nyekundu, kijani na manjano. Walakini ni hilo la pili linaloamua kama mnyama ataishi miaka kumi na tano au atakufa kabla mwaka haujaisha. Wazee wetu walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika rafu zile vimo vitu vyema, na vimo vinavyojitembeza.

Tena yafaa kujua jambo hili mapema: chinchila wa nyumbani mara nyingi hapati madhara kwa kuchukiwa, bali kwa kupendwa pasipo maarifa. Mtoto humpa zabibu kavu kwa sababu ampenda. Baba humnunulia gurudumu la plastiki kwa sababu ampenda. Mama huweka kizimba chake karibu na dirisha la jua ili asione baridi, kwa sababu ampenda. Na katika mambo hayo matatu, kila moja laweza kumdhuru, au hata kumwua. Basi na tutazame kwa utaratibu yale yampasayo na yale yasiyompasa, pamoja na sababu zake, maana mtu akijua sababu hana haja ya kukariri orodha.

ALIKOTOKA

Chinchila ni wa jamii ya wanyama wagugunao, ndio jamii ya panya, kindi na nungu. Kwao ni milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini. Huko pana mawe, nyasi ngumu, vichaka vya miiba, hewa kavu na baridi kali ya usiku. Mchana hulala katika nyufa za majabali, na jua likitua hutoka kutafuta chakula. Chakula chenyewe ni duni: nyasi, majani makavu, magome na vijiti.

Mungu amemvika manyoya mazito ajabu. Sisi katika kitundu kimoja cha ngozi twaota unywele mmoja, au miwili mitatu. Yeye huota zaidi ya 50. Uzuri huo ndio uliomletea msiba. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 wawindaji waliwaua kwa mamilioni, ngozi zao zikapelekwa Ulaya na Marekani kushonwa makoti ya matajiri. Ilipofika mwaka 1910 serikali za Chile, Bolivia, Peru na Argentina zilipatana kuwakinga, lakini wakati ule walikuwa wamekwisha kuwa haba. Hata leo chinchila wa porini wamo katika hesabu ya wanyama walio karibu kutoweka duniani. Mwaka 1983 nchi ya Chile ilitenga hifadhi kwa ajili yao, karibu na mji wa Illapel.

Na hawa wa madukani walitoka wapi? Alikuwapo Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, mhandisi aliyefanya kazi katika machimbo ya shaba huko Chile. Alipata ruhusa, akawakusanya chinchila wachache wasiopata ishirini. Hakuwashusha milimani kwa haraka. Aliwateremsha kidogo kidogo kwa muda mrefu, ili miili yao izoee hewa ya chini, kisha akawapakia melini pamoja na barafu ya kuwapoza. Mwaka 1923 akafika nao California. Chinchila walio wengi sana katika nyumba za watu leo ni uzao wa wale wachache.

Nimeieleza habari hii kwa sababu ndani yake yamo majibu yote. Mnyama huyu ameumbwa kwa baridi, kwa ukavu, kwa chakula kigumu kisicho na utamu, na kwa kuruka juu ya mawe. Kila kitu utakachomnunulia, ukipime kwa kipimo hiki: Je, chafanana na mlima ule, au chapingana nao?

NYUMBA YAKE

Chinchila mzima hana uzito mkubwa, yapata gramu 400 hadi 600, na wengine huzidi kidogo. Lakini miguu yake ya nyuma ni kama ya sungura, naye huruka juu kupita mita moja bila taabu. Kwa hiyo kizimba cha sungura kilicho kifupi hakimfai. Atafutiwe kizimba kirefu cha kwenda juu, chenye daraja kadhaa za kurukia.

Kizimba kiwe cha chuma, si cha plastiki, na nafasi kati ya fito na fito zisipite sentimita 2 na nusu. Wakiwamo watoto wachanga, ziwe nyembamba zaidi, kama sentimita 1 hivi. Sakafu ya waya mtupu ni mbaya, maana hukwaruza nyayo zake hata zikafanya vidonda. Tena mguu ukinaswa katika waya, mfupa wake mwembamba huvunjika. Wekeni sakafu nzima, au funikeni waya kwa mbao. Daraja za ndani ziwe za mbao zisizopakwa rangi, nazo zipangwe kwa kupishana, ili akiteleza asianguke kutoka juu kabisa hata chini.

Matandiko ya chini yawe ya karatasi laini isiyo na wino, au randa za mti wa aspeni, au randa za msonobari uliokaushwa kwa moto kiwandani. Msitumie randa za mwerezi hata kama zanukia vizuri. Harufu ile ni mafuta ya mti, nayo hudhuru pumzi na ini la wanyama wadogo.

Mpeni pia kijumba cha mbao cha kujificha. Mnyama huyu mlimani alikuwa na ufa wa jabali wa kukimbilia alipomwona mwewe. Asipokuwa na pa kujificha atakaa na hofu siku zote, na hofu humwondolea hamu ya kula.

MENO YAKE NA VITU VYA KUCHEZEA

Chinchila ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua sentimita kadhaa kila mwaka. Asipopata kitu kigumu cha kutafuna, meno hurefuka, yakachoma ulimi na mashavu, na mizizi yake ikasukuma kuelekea macho. Basi huanza kutoa mate kidevuni na machozi machoni, akitamani kula lakini hawezi, hata akakonda na kufa. Kwa hiyo vitu vya kuchezea vya chinchila si anasa. Ni kama msasa kwa fundi seremala.

Lakini yakumbukeni maneno haya: kila kitu kitakachoingia kizimbani kitaliwa. Msiulize, “Hiki ni cha kuchezea au ni cha kutafuna?” Kwake yeye hakuna tofauti. Kwa hiyo kitu kisichofaa kumezwa hakifai kuchezewa.

Plastiki ndiyo adui wa kwanza. Huvunjika vipande vyenye ncha, na vipande hivyo hukaa tumboni na kuziba matumbo. Mpira laini nao vivyo hivyo. Vitu vilivyopakwa rangi au vanishi, vilivyounganishwa kwa gundi, au vyenye misumari midogo, viacheni dukani. Kamba ndefu na nyuzi za nguo hujizungusha miguuni na tumboni. Taulo lenye vitanzi huunasa ukucha.

Basi kinachofaa ni nini? Kwanza ni mti. Vijiti vya mtufaha, vya mpeasi na vya mwerebi ni vizuri, na mti wa aspeni pia. Msimpe matawi ya mcheri, mplamu, mfyulisi, wala ya mti wowote ambao tunda lake lina kokwa moja ngumu, maana miti hiyo ina sumu ndani yake. Miti ya jamii ya mchungwa na mlimau haifai, wala mwerezi, wala msonobari mbichi wenye utomvu. Ikiwa wakata vijiti wewe mwenyewe, uhakikishe kwanza kwamba mti haukunyunyiziwa dawa ya wadudu, wala haupo kando ya barabara ya magari mengi. Visugue vijiti kwa maji matupu, bila sabuni, kisha uvikaushe kabisa. Usipoujua mti, usiukate.

Pili, ni vipande vya mti vilivyotobolewa na kutungwa katika waya usioshika kutu, vikaning'inizwa kama shanga. Huvivuta, huvitikisa, huvitafuna usiku kucha. Tatu, ni mpira uliosukwa kwa nyasi kavu au kwa fito za mwerebi. Nne, ni jiwe jepesi la volkeno lenye vitundu, liuzwalo kwa kazi hiyo. Tano, na hili halina bei, ni bomba la karatasi ngumu lililobaki karatasi za msalani zinapokwisha: lijaze nyasi kavu, umpe alichokoe. Likiwa halina rangi wala gundi nyingi halina dhara, ila akionekana kulimeza lote badala ya kulichana, liondolewe.

Msitie vitu vyote kwa siku moja. Tieni viwili vitatu, na baada ya juma moja badilisheni. Kitu kilichopumzishwa kabatini siku kumi humrudia kama kipya, na mfuko wa baba hupumzika pia.

GURUDUMU

Chinchila hupenda kukimbia, na gurudumu zuri ni faida kwake. Lakini magurudumu mengi ya dukani ni ya wanyama wadogo kuliko yeye. Lililo dogo humpinda mgongo kila aendapo mbio. Kipenyo chake kisipungue sentimita 38. Liwe la chuma au la mti, na njia yake ya kukimbilia iwe nzima, si ya fito wala ya wavu, kwa sababu mguu hupenya kati ya fito, gurudumu likaendelea kuzunguka, na mguu ukavunjika. Kama gurudumu la namna hiyo ni ghali kupita uwezo wenu, ni afadhali kukosa gurudumu kabisa kuliko kununua lililo bovu. Nyumba yenye daraja nzuri, na saa moja ya kutembea chumbani jioni, yatosha.

Kuna na kile chombo cha plastiki kilicho kama mpira, ambacho mnyama hufungiwa ndani akakiviringisha sakafuni. Watoto hucheka sana wakikiona. Msikinunue. Hewa ndani yake ni haba, joto hupanda upesi, na mnyama huyu hawezi kutoa jasho.

Na chumba atakachotembelea kikaguliwe kwanza. Nyaya za umeme ziinuliwe, mimea ya mapambo iondolewe, milango ifungwe, na choo kifunikwe. Jino lake hukata waya wa taa kwa mara moja.

CHAKULA NA VITAMU VYA ZAWADI

Chakula cha chinchila ni nyasi kavu. Ziwepo mchana na usiku, nyingi kadiri atakavyo. Nyasi za timothi ndizo zijulikanazo zaidi, na nyasi nyingine za malishoni pia zafaa. Ziwe za rangi ya kijani, zinukie vizuri, zisiwe na ukungu wala vumbi. Majani ya alfalfa yana madini ya chokaa mengi mno kwa mnyama mzima, na mengi yakizidi huweza kufanya vijiwe katika kibofu; hupewa jike mwenye mimba au anyonyeshaye.

Pamoja na nyasi hupewa chakula cha viwandani kilichoshindiliwa kuwa punje, kijiko kimoja cha chakula au viwili kwa siku. Chagueni kile ambacho punje zake zote ni sawa. Mkiona mfuko wenye mchanganyiko wa mbegu, mahindi na vipande vya rangi rangi, uacheni, kwa kuwa atachagua vitamu na kuacha vilivyo vya faida, kama afanyavyo mtoto akipewa pilau yenye zabibu. Maji safi yawe katika chupa yenye mrija wa chuma, yabadilishwe kila siku.

Siku ya kumnunua, mwulizeni mwuzaji alikuwa akila chakula gani, mkachukue kidogo cha chakula kile kile. Mchanganyeni na kipya, mkiongeza kidogo kidogo kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kubadili ghafula huvuruga tumbo.

Sasa twafika penye hatari kubwa, ndipo penye vitamu. Tumbo la chinchila ni kama pipa la kuchachushia nyasi. Humo vimo vijidudu vidogo visivyoonekana, navyo ndivyo vimsaidiavyo kumeng'enya chakula kigumu. Sukari ikiingia huviharibu. Hewa hujaa, tumbo huvimba, na kwa kuwa hana uwezo wa kutapika wala kucheua, hewa na chakula hubaki ndani. Mnyama huweza kufa kwa saa chache, kwa maumivu makubwa, naye hana sauti ya kutuambia.

Kwa hiyo msimpe zabibu kavu, ndizi kavu, tende, asali, biskuti wala mkate. Msimpe karanga, korosho, wala mbegu za alizeti, maana mafuta yake hayamfai. Msimpe chokoleti hata chembe. Vile vidonge vitamu vya maziwa vyenye rangi nzuri, viuzwavyo katika rafu ile ile ya wanyama, havimfai hata ikiwa picha ya chinchila imechorwa juu ya mfuko wake. Parachichi ni sumu kwake. Kabichi, maharagwe na vitunguu humletea hewa tumboni.

Je, asipate zawadi kabisa? La, apate, ila kwa kiasi. Tunda moja la waridi lililokaushwa, au petali chache za waridi zisizo na dawa, au ua moja kavu la rozela lisilotiwa sukari, au oti chache zisizopikwa, kadiri ya kushikwa kwa vidole viwili. Zawadi hiyo ipewe mara moja au mbili kwa juma, si zaidi, na aliye chini ya miezi sita asipewe kabisa. Siku nyingine zote zawadi yake iwe kijiti cha mtufaha kutoka mkononi mwa mtoto. Mtoto atapata furaha ile ile ya kumwona akija mbio, na tumbo la mnyama litakaa salama. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyo ndivyo sumu nayo ijazavyo kibaba chake: zabibu moja ya kaka, moja ya dada, moja ya mgeni, na jioni mnyama amekula tatu. Basi na awepo mtu mmoja tu nyumbani mwenye mamlaka ya kutoa zawadi.

VUMBI LA KUOGEA

Manyoya ya chinchila yasilowe maji. Kwa wingi wake hayakauki upesi. Mnyama hushikwa na baridi, au ngozi hufanya ukungu. Yeye huoga kwa vumbi. Mlimani hujigaragaza katika majivu ya volkeno, na dukani huuzwa vumbi jembamba la namna hiyo. Lisichanganywe na vitu vingine. Mchanga wa kawaida, na hata ule mweupe wa pwani, una ncha, nao hukata manyoya na kukwaruza macho. Poda ya watoto wachanga hudhuru mapafu.

Tieni vumbi kina cha sentimita 3 hadi 5 katika bakuli zito la kioo au la udongo, pana kiasi cha kumwezesha kujiviringisha. Mpeni mara mbili au tatu kwa juma, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha mliondoe. Likiachwa humo atalifanya choo, na kuoga kupita kiasi hukausha ngozi na kuwasha macho. Hapana tamasha nyumbani ipitayo hiyo, na wazee waliochoka na kazi huketi kuitazama.

JOTO

Hili halinunuliwi dukani, lakini ni kuu kuliko yote. Chinchila huona raha katika joto la digrii 10 hadi 20 za Selsiasi, na hewa iliyo kavu. Likipita 25 yumo hatarini. Masikio yake huwa mekundu, hulala ubavu, hupumua mbio mbio, na asipoondolewa hufa. Feni peke yake haimsaidii kama imsaidiavyo binadamu, maana feni hutupoza kwa kukausha jasho, naye jasho hana. Wekeni kizimba chumbani penye ubaridi, mbali na dirisha la jua, mbali na jiko, mbali na chombo cha kupashia nyumba moto. Nunueni kigae cha marumaru mkilaze kizimbani; atakilalia siku za joto. Nunueni pia kipimajoto, ambacho bei yake ni ndogo, mkitundike karibu naye, maana ngozi ya mtu si kipimo cha mnyama.

Kwa sababu iyo hiyo twasema wazi kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam: mnyama huyu si wa kwenu. Joto la pwani lipitalo digrii 30, pamoja na unyevu wa bahari, ni kinyume cha mlima wake. Kumweka humo hutaka mashine ya kupoza hewa mchana na usiku, na umeme ukikatika saa sita ndio mwisho wake. Mtoto wa pwani atakaye kufuga na afuge sungura kivulini au njiwa, naye atajifunza uaminifu ule ule.

MANENO KWA WAZAZI NA WAALIMU

Chinchila aliyetunzwa vema huishi miaka 10 hadi 20. Mtoto wa miaka minane amwombaye leo, huenda akawa mtu mzima mwenye nyumba yake mnyama akiwa hai bado. Basi anayenunua kwa kweli ni mzazi, na mzazi asiyekuwa tayari kumtunza siku mtoto atakapokwenda chuoni, asinunue. Wako chinchila wengi katika nyumba za kuhifadhia wanyama walioachwa. Aliye tayari na aanzie huko.

Hupenda kukaa wawili kuliko mmoja peke yake. Wawe wa jinsi moja, waliokua pamoja. Dume na jike wakikaa pamoja watazaa. Mimba huchukua siku 111, na jike aweza kushika nyingine mara baada ya kujifungua, jambo linalomchosha mno.

Watoto wafundishwe kukaa chini sakafuni na kumngoja aje, wala wasimfukuze. Akishikwa kwa nguvu huachia fungu zima la manyoya mkononi mwa mshikaji, na pale pakabaki pa upara miezi kadhaa. Hiyo ndiyo hila yake ya kuponyoka kinywani mwa mbweha. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkia, wala kubanwa kifuani. Mikono ioshwe kabla na baada, maana chinchila aweza kumwambukiza mtu choa.

Waalimu nao wafikapo kufikiri juu ya mnyama wa darasani, wajue kwamba huyu hulala mchana na kuamka jioni. Makelele ya watoto arobaini wakati wa usingizi wake ni mateso. Darasani pana wanyama wengine wafaao zaidi.

Tena kabla ya kumnunua, tafuteni daktari wa wanyama amjuaye chinchila, maana si kila daktari amjuaye. Mpimeni uzito kila juma kwa mizani ya jikoni, mkiandika daftarini. Hiyo ni kazi njema ya mtoto. Meno ya mbele ya mnyama mzima mwenye afya yana rangi ya machungwa. Yakiwa meupe, mwulizeni daktari. Na akipitisha nusu siku bila kula, au bila kutoa choo, msingoje kesho. Mpelekeni siku ile ile.

ORODHA YA KWENDA NAYO DUKANI

Yanunuliwe kwa utaratibu huu, na fedha zikiisha katikati, mnyama na angoje:

1. Kizimba kirefu cha chuma, chenye sakafu nzima na daraja za mbao.
2. Kijumba cha mbao cha kujificha.
3. Chupa ya maji yenye mrija wa chuma, na bakuli zito la chakula.
4. Nyasi kavu za kutosha mwezi mzima, na punje za namna moja.
5. Matandiko ya karatasi au ya randa zifaazo.
6. Vumbi la kuogea na bakuli lake.
7. Kipimajoto na kigae cha marumaru.
8. Vijiti vya kutafuna na jiwe jepesi.
9. Akiba ya fedha ya daktari.
10. Mwisho, gurudumu kubwa, ikiwa zimebaki fedha.

Mtaona ya kwamba vitamu havimo katika orodha, wala vitu vya rangi nzuri havimo. Vile vimpendezavyo mwanadamu machoni, mara nyingi havimjengi mnyama tumboni. Mtoto akiuliza kwa nini hamkununua kile chekundu kilichometameta, mwelezeni habari za mlima ule wa mawe na majani makavu. Ataelewa upesi kuliko mnavyodhani, na pengine yeye mwenyewe atasimama mlangoni siku wageni watakapokuja na zabibu mkononi, akawaambia kwa adabu, “Shikamoo, mjomba. Huyu hali hizo.”